Kopo la Mkono wa Kushoto

4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, dakika ishirini tu, na bati la kibanda changu limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Fundi bati kuvujiwa na bati! Mke wangu amecheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Baba Watoto, ndiyo maana wakasema kinyozi hajinyoi." Nimelianza daftari hili kwa sababu mvua huninyima kazi, na mzee akikosa kazi huanza kubishana na redio.

7 Machi

Jua. Nimeziba bati.

11 Machi

Amekuja Spana, mwenye gereji ya ng'ambo ya barabara. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, grisi mpaka kwenye viwiko, sauti ya kumwitia mtu aliye mtaa wa tatu. Alibeba gunia.

"Shikamoo, Mzee Bati."

"Marahaba. Gunia la nini? Umeua mtu?"

"Bado. Ila kuna gari litaniua mimi."

Alichotoa kilikuwa kopo la shaba lililopakwa rangi nyeusi, urefu wake shubiri moja, lina mabomba matatu na ufa kwenye mshono. Nililipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Sijashika kopo la namna ile kwa miaka arobaini na moja.

Nieleze kazi yake, nikifa mtu asije akadhani nilikuwa natengeneza birika. Gari lenyewe ni la michezo, la zamani, viti viwili, pua imelala chini kama ya mbwa anayenusa. Kwa kuwa pua iko chini, rejeta nayo iko chini kuliko injini, na hewa ikiingia kwenye maji haina pa kutokea. Hubaki juu kama mgeni asiyejua kuaga, na injini inachemka. Dawa yake ni kopo hili. Maji ya moto huingia kwa ubavuni, yakiambaa ukuta, yakazunguka kama maji yanayoishia kwenye sinki. Yakizunguka, maji kwa uzito wake hushikamana na ukuta. Hewa kwa wepesi wake hukusanyika katikati, hupanda, na kutokea kwenye kibomba chembamba cha juu. Maji yasiyo na mapovu hushuka kwa bomba la chini kwenda kwenye rejeta. Ndani hakuna kinachocheza wala kinacholika. Ni akili tu, imekunjwa ndani ya bamba.

Mwenye gari ni daktari wa meno. Kopo hili la zamani lilipopasuka alinunua jipya kwa posta, linang'aa kama kijiko. Limechemsha gari kwenye kilima cha kwanza. Spana alinionyesha picha yake kwenye simu.

"Bomba linaingia katikati," nikasema. "Maji yanakwenda kugonga ukuta wa mbele kama mlevi. Hayazunguki. Hilo ni pambo."

"Nilimwambia! Akasema mbona zuri. Nikamwambia Daktari, jino la bandia nalo ni zuri, litafune basi mfupa. Mzee, wewe umewahi kuyatengeneza haya?"

"Nilipokuwa na meno yangu yote."

12 Machi

Nimelikagua kopo. Kazi safi. Rangi nyeusi imepakwa na mtu mwingine baadaye, kwa brashi, ovyo.

Karakana ya baba yetu ilikuwa na meza moja, jiliwa moja ya kubania bamba, na watoto wawili. Baba alitengenezea makopo haya wenye magari ya mashindano, waliokuja kutoka mbali na kusimama mlangoni wakitazama. Mimi nilikuwa mkubwa, mtumia mkono wa kulia. Mdogo wangu alikuwa mtumia kushoto, na tangu utotoni hakuna aliyemwita jina jingine isipokuwa Mashoto. Alikufa siku tulipokimbia mji wetu. Hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani kwetu.

15 Machi

Mvua kutwa. Spana ameniletea bamba la shaba lililong'olewa chini ya mlango wa benki ya zamani. Nene kiasi, halina kutu, lina alama za viatu vya watu waliokuwa na haraka.

19 Machi

Nimekata, nimekunja kwenye bomba la chuma kwa nyundo ya mti. Tundu la bomba la kuingilia ndilo mtihani. Kwa kuwa bomba linaingia kwa ubavu, tundu haliwi duara, linakuwa na umbo la jicho. Ukilikata duara umeharibu bamba. Baba alikuwa akisema, "Kata jicho, kisha litakuona."

Mke wangu alileta chai kibandani akasimama kunitazama. "Unapiga mluzi," akasema. Sikujua.

22 Machi

Limekwisha. Nimelipima kama baba alivyopima: kioo juu badala ya kifuniko, chembe za unga wa mbao ndani, maji kutoka kwenye birika yakimiminwa kwa nguvu kwenye bomba. Chembe zilizunguka, zikajikusanya katikati, zikasimama kama nguzo. Nilikaribia kupiga kelele. Miaka sitini na minane, napigia kelele unga wa mbao!

23 Machi

Aibu.

Nimelipeleka kopo gereji. Spana aliinama kwenye injini, akalitia mahali pake, akaligeuza, akalitia tena. Kisha akaanza kucheka polepole.

"Mzee Bati. Mpira wa maji unatokea kushoto. Bomba lako liko kulia."

"Haiwezekani. Nimepima kila kitu mara mbili."

"Umepima sawasawa kabisa. Hili ni lile lile, ila la kwenye kioo."

Aliyaweka makopo mawili juu ya meza kandokando. Yalitazamana kama watu wawili walioelekea mlango mmoja. Urefu sawa, unene sawa, kila kipimo sawa. Langu linazungusha maji kufuata mishale ya saa, lile la zamani linayazungusha kinyume. Vipimo nilivichukua kwa macho, lakini kazi niliifanya kwa mkono, na mkono wangu haujui njia nyingine zaidi ya ile ya baba.

Nilirudi nyumbani na yote mawili. Spana bado anacheka, namsikia hadi huku.

24 Machi

Nimekaa na kalamu tangu saa nne asubuhi. Sasa ni saa kumi.

Asubuhi nilitaka kuelewa kwa nini fundi yule alizungusha kushoto. Fundi wa mkono wa kulia, kwa jiliwa ya kawaida, hawezi kufanya hivyo bila kujikunja. Nikacheka peke yangu: baba alikuwa akishika kazi ya Mashoto na kusema, "Hili limetengenezwa na mkono wa jirani." Mashoto alikunja bamba kinyume, mshono ukaangukia upande wa pili, bomba likaingilia upande wa pili. Maji yalizunguka vizuri tu, na wateja hawakujali. Baba ndiye aliyekuwa akinuna.

Nikachukua kitambaa na dawa ya kuondolea rangi, nikasugua kitako cha kopo.

Baba alitufundisha kwamba kitu hakitoki mezani bila mwaka wake. Tulichukua msumari na nyundo, tukagonga tarakimu za mwaka kwa vitone, chini, mahali ambapo mteja hatazami. Rangi ilipotoka, vitone vilikuwepo. Vilikuwa vimeinama, kila kimoja kikiwa na kimkia upande wa kulia, kama matone ya mvua yanayopigwa na upepo. Hivyo ndivyo msumari unavyoinama ukishikwa kwa mkono wa kulia na kugongwa kwa mkono wa kushoto.

Nikajiambia: mashoto ni wengi duniani.

Nikaendelea kusugua. Baada ya tarakimu ya mwisho pakatokea kitone kimoja zaidi, kikubwa, peke yake. Nukta.

Mdogo wangu alichapwa sana shuleni kwa kusahau nukta mwisho wa sentensi. Tangu hapo aliitia kila mahali, kwenye bahasha, ukutani, kwenye orodha ya sokoni. Akaitia hata kwenye makopo. Baba alikuwa akifoka, "Mwaka si sentensi!" Naye akijibu, "Baba, mwaka nao unaisha."

Hakuna mtu mwingine duniani anayetia nukta baada ya mwaka kwenye kitako cha kopo la shaba.

Nikausoma mwaka. Nikausoma tena. Nikatoka nje kwenye mwanga, mvua ikininyeshea, nikausoma kwa kidole kama kipofu.

Ni mwaka wa pili baada ya sisi kukimbia. Mwaka wa pili baada ya kumlilia. Mwezi gani sijui, lakini mwaka ule mimi nilimwoa mchumba wake.

25 Machi

Sasa niandike lile ambalo sijaliandika popote. Naandika polepole nisije nikaruka kitu.

Baba alikwisha kufariki. Tulikuwa wanne: mama, mimi, mdogo wangu na mchumba wake. Vurugu zilipofika mjini kwetu, Mashoto alibaki nyuma kufunga karakana na kupakia zana kwenye lori la jioni. Sisi tulitangulia kwa miguu mpaka darajani. Tulikubaliana kwamba atakayefika kwanza amngojee mwenzake siku saba. Asubuhi watu wakaja wakasema lori limechomwa moto barabarani, mwendo wa saa moja nyuma. Mama alikuwa na homa kali, akiita majina ya marehemu. Milio ya bunduki ilisikika. Na yule msichana alikalia sanduku lake akasema, "Sivuki mpaka nijue. Shemeji, nenda ukamwone."

Nilikwenda. Nilifika nusu ya njia. Niliuona moshi. Miguu ikakataa, nikaingia mtaroni, nikakaa kwenye nyasi zenye umande, nikahesabu mpaka nilipoona muda unatosha mtu kwenda na kurudi. Kisha nikarudi, nikasema, "Nimemwona."

Hilo tu. Sikuongeza pambo. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Msichana alifunika uso kwa khanga, mama hakusikia. Tukavuka mchana ule ule. Mama aliishi miezi mitano zaidi, akafia kitandani, si barabarani, na kwa miaka yote hiyo nimelishika jambo hilo kama hati ya kujitetea mahakamani.

Je, nilimtaka yule msichana siku ile? Nimejiuliza hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali. Siku ile, hapana, naweza kuapa. Kwa miezi iliyofuata siwezi kuapa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka arobaini na moja, watoto watatu, wajukuu saba. Na sikuwa nikijua ukubwa wa uongo wangu. Nilijua kwamba sikumwona. Kwamba alikufa niliamini kama wao. Nilidhani nimekosea njia tu, nikafika kwenye ukweli.

Hakufa.

26 Machi

Mvua. Sikufanya kitu.

27 Machi

Mvua. Mke wangu: "Umekaa kama aliyemeza mfupa. Nikuitie Daktari wa Meno wako?" Nikacheka. Nilijisikia nikicheka, kama mtu wa chumba cha pili.

28 Machi

Namtazama akikunja nguo. Zamani aliniita shemeji, miaka miwili mizima, hata baada ya mazishi ya mama. Siku ya kwanza alipoacha kuniita shemeji hakuniita kitu chochote, alisema tu, "Chakula tayari." Leo nimemtazama nikafikiri: mwanamke huyu ameishi maisha yake yote ndani ya neno langu moja.

30 Machi

Nimevuka barabara kwenda gereji. Daktari alikuwepo, mwanamke mrefu, mpole, anayezungumza taratibu kama anayekuandaa kwa sindano. Nikamwuliza kopo la zamani lilitoka wapi.

"Lilikuja na gari, Mzee. Gari lilinunuliwa kwa bwana mmoja anayekusanya magari ya zamani, kwenye mji wa mpaka wa kaskazini. Alisema kopo alilitengenezesha kwa fundi wa hapo hapo, zamani sana. Kwani lina kasoro?"

"Halina. Nataka kumjua fundi."

"Nitampigia yule bwana. Ila ni msahaulifu, nivumilie siku mbili tatu."

Sisi tulivuka mpaka wa mashariki. Kaskazini sikuwahi kufikiri.

2 Aprili

Daktari alipiga simu saa tano, ndani ya gereji, mvua ikipiga bati hadi tukalazimika kuinama. Aliiweka simu juu ya boneti ya gari na kufungua sauti. Nayaandika maneno kama nilivyoyasikia.

"Kopo? Lile la shaba? Ah, la Mashoto hilo!"

Spana akanitazama. Nilikuwa nimeshika ukingo wa gari.

"Yule fundi bado anakumbukwa huko?" Daktari akauliza.

"Anakumbukwa vipi, mama? Yupo! Asubuhi hii nimepita kwake, anagonga sufuria la watu. Masikio ndiyo yamepungua, anakujibu swali la jana. Fundi hodari, lakini usimpe nafasi akaanza hadithi yake ya daraja."

Nikasema, na sauti haikuwa yangu: "Daraja gani?"

"Nani huyo? Shikamoo, mzee. Daraja la kwao huko. Kila mteja lazima aisikie. Siku waliyokimbia alikosa lori, likaondoka bila yeye, likachomwa moto mbele ya safari. Akatembea kwa kupitia porini, siku tatu. Walikuwa wameahidiana na ndugu zake kungojana darajani. Akangoja siku tisa. Walisema saba, yeye akaongeza mbili, eti labda walihesabu vibaya. Hawakutokea. Anaamini walizama mtoni, mama yake, kaka yake na mchumba wake. Akaja huku kaskazini, akaoa baadaye. Mtoto wake wa kwanza amempa jina la huyo kaka aliyezama. Haloo? Mnanisikia?"

Daktari akachukua simu, akashukuru, akakata. Spana alinivutia ndoo, akaipindua, akanikalisha.

"Mzee. Huyo ni nani wako?"

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Amekosa lori."

Nilirudia hivyo mara kadhaa. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonishinda: kwamba alikosa lori tu. Alikuwa mchelewaji tangu utoto. Baba alisema kuchelewa kutamuua.

3 Aprili

Siku tisa.

4 Aprili

Nimewaomba Spana na Daktari wasimwambie mke wangu. "Nitamwambia mwenyewe." Spana akasema, "Lini?" Nikasema, "Kopo likiisha." Akanitazama kwa jicho la mteja aliyeahidiwa Jumamosi.

8 Aprili

Nalitengeneza la kushoto. Nimeihamisha jiliwa upande wa pili wa meza, nashika nyundo kwa mkono wa kushoto. Nimejigonga kidole gumba, nimemwaga lehemu ya moto kwenye kiatu. Kila kitu kinakwenda kinyume, na kila kinapokwenda kinyume namwona yeye, miaka kumi na miwili, ulimi nje, akijifunza kazi kwenye meza iliyopangwa kwa ajili yangu. Hakulalamika. Hakuna aliyefikiri kuihamisha jiliwa, hata siku moja. Hata mimi.

11 Aprili

Limekwisha. Si zuri kama lake, lakini linazunguka. Nimegonga mwaka chini. Nukta sikutia. Si yangu.

12 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa anapiga pasi mashati ya mjukuu, dirisha limefungwa kwa ajili ya mvua, chumba kimejaa harufu ya mvuke. Nilisimama mlangoni kama mtu anayekuja kuomba kazi. Nilikuwa nimepanga maneno kwa siku kumi, yote yakapotea.

"Siku ile ya lori," nikasema. "Sikumwona."

Hakuinua kichwa. Alimaliza kola, akaigeuza, akapiga upande wa pili.

"Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia.

"Unajua nini?"

"Kwamba hukumwona. Ulikwenda ukiwa na viatu vya kahawia. Waliotoka kwenye moto ule wote walirudi na majivu mpaka magotini. Wewe ulirudi viatu vimelowa umande, vina mbegu za nyasi kwenye kamba. Nilivitazama wakati unasema. Sikukutazama usoni, nilivitazama viatu."

"Miaka arobaini na moja?"

"Ndiyo. Ulikuwa hujui kuhesabu?"

"Mbona hukusema?"

Hapo akaiweka pasi chini, akaisimamisha vizuri isiunguze kitambaa. Hata wakati kama ule, akaisimamisha vizuri.

"Kwa sababu mama yako alikuwa anakufa mapajani mwangu. Kwa sababu niliogopa. Mtu mmoja alikuwa lazima aseme neno lile ili tuvuke, na mimi nisingeweza kulisema nikaishi. Ukalisema wewe. Nikakuachia ulibebe. Nilijua alikufa, watu wote wa lori walikufa. Nilijua tu kwamba hukufika. Nikasema moyoni, ipo siku ataniambia. Uliponioa hukuniambia. Tulipozaa hukuniambia. Nikasema basi, huyu atakufa nalo." Akanitazama. "Sasa leo limekutoka kwa nini? Unaumwa?"

Ndipo nikaelewa kwamba nusu bado.

Nilimwambia habari ya vitone, nukta, mwaka, simu. Nilimwambia siku tisa. Sikumficha hata jina la mtoto. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya shati, na shati likaanza kukunjamana chini ya vidole vyake, lile shati alilokwisha kulinyoosha.

"Yu hai," akasema.

"Yu hai."

"Alingoja."

"Siku tisa."

Mvua ilipungua, ikazidi, ikapungua.

"Kujua kwamba hukumwona," akasema hatimaye, "na kujua kwamba yu hai, ni mambo mawili. Usije ukayachanganya ukajipa nafuu. La kwanza nilikusamehe zamani, bila ya wewe kuomba. Hili la pili sijui hata nilishike wapi. Na mimi nimo ndani yake. Nilivitazama viatu, nikanyamaza." Akaichomoa pasi. "Niache sasa, shemeji."

Shemeji. Neno hilo lilinipiga kifuani kama mlango.

13 Aprili

Amehamia chumba cha wajukuu.

14 Aprili

"Shemeji, maji ya kuoga tayari."

15 Aprili

Jua kidogo. "Shemeji, kuna mtu mlangoni." Alikuwa Spana. Amelichukua kopo bila mzaha hata mmoja, jambo lililonitisha zaidi.

17 Aprili

Nilidhani kwa miaka yote hii mimi ndiye niliyemlinda. Nilijiona kama mtu aliyemeza sumu ili wengine wanywe maji. Kumbe tulikuwa wawili mezani, na yeye alikuwa akinitazama nikimeza. Kila nilipomtaja Mashoto kwa sauti ya msiba, alikuwa anajua. Kila mwaka tulipomwombea. Sijui nimeoa nani. Namwogopa, na namheshimu kuliko nilivyowahi.

20 Aprili

Wamelijaribu gari. Daktari aliendesha, mimi nikakaa kando yake, magoti karibu na kidevu. Barabara imekauka, mitaro bado inatiririka. Tulipanda kilima kile kile kilichoua kopo la posta. Sikutazama barabara, nilitazama mshale wa joto. Ulipanda hadi katikati, ukasimama. Tulifika juu. Ulisimama. Daktari akazima, akawasha, akasubiri. Ulisimama pale pale kama mtoto aliyekatazwa.

Chini kilimani Spana alitukimbilia. "Eeh? Eeh?"

"Halijachemka," Daktari akasema, machozi yanamlenga. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Hilo sikulijua hadi leo.

"Mzee Bati oyee!" Spana akapaza sauti, mtaa mzima ukageuka. Kisha akaniinamia sikioni. "Umemwambia mama?"

"Nimemwambia."

"Na yeye je, hajachemka?"

Nilicheka. Mara hii nilikuwa chumba hiki hiki.

23 Aprili

Siku tatu bila mvua. Nadhani zimekwisha.

Saa nne asubuhi mke wangu alikuja kibandani. Tangu tarehe kumi na mbili hakuwa ameingia. Alitazama jiliwa iliyohamishwa upande wa pili, akagusa ukingo wake. Amevaa gauni la kutokea. Mkononi alishika simu na kikaratasi chenye namba, mwandiko wa Daktari.

"Umeipata wapi?"

"Nimeiomba. Nilikwenda jana, nikaketi kwenye kile kiti chake cha kung'olea meno, nikamwambia sina jino bovu, nina shemeji yangu yu hai."

"Unataka kuzungumza naye?"

"Nataka. Lakini si mimi wa kuanza. Nikianza mimi, atalia kwa furaha, na wewe utajificha nyuma ya machozi yake. Nakujua. Utaita jambo hili bahati. Utasema Mungu mkubwa, tumeonana, yaliyopita yamepita." Akavuta ndoo, akaipindua, akaketi mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana. "Mtu yule alingoja siku tisa. Ana haki ya kujua ni nani aliyemngojesha. Wewe kwanza. Kisha unipe simu, nami nitamweleza nilichokiona nikanyamaza."

"Na akikata?"

"Akikata, tutapiga tena. Siku tisa, kama ikibidi."

Akabonyeza namba. Akaiweka simu sikioni mwangu kwa mkono wake mwenyewe. Ililia mara nne. Ikapokewa. Kwanza nilisikia nyundo ikigonga bati, kisha nyundo ikasimama. Sauti ikaja, ya mzee, kavu, ya juu kidogo, kama ya mtu anayesikia kwa shida. Nilidhani ni baba.

"Haloo? Nani? Sema kwa nguvu, masikio yangu yamezeeka kuliko mimi."

Mke wangu akainama, akanong'ona:

"Baba Watoto. Anza na viatu."

Nikaanza na viatu.